Gari la Mama Linalowaka kwa Rimoti

Jambo la kwanza la kijinga nililifanya kabla sijasoma karatasi ya maelekezo mpaka mwisho. Nilichukua ufunguo wa akiba wa gari la mama, nikauficha ndani ya dashibodi ukiwa na betri yake, nikaufunika kwa gundi ya moto na kurudisha plastiki juu yake. Sikumwambia mtu. Mengine yote yaliyofuata, pamoja na yale ambayo ningependa kuwasingizia polisi, yalitokana na ufunguo ule.

Nianze na gari lenyewe. Ni haibridi, yaani lina injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Mama alilinunua kwa mwenye karakana mmoja anayemshonea jinzi huko Xintang, mji ulio karibu na Guangzhou, China. Huyo alitaka gari kubwa zaidi ili majirani wajue biashara inakwenda. Sifa kubwa ya gari hili ni kwamba ukiliwasha halisemi kitu. Unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, kataa kadogo ka kijani kanatokea kwenye dashibodi, basi. Siku ya kwanza mama alipowapakia wenzake wa kanisani, mmoja alikaa akisubiri, akasubiri, mwisho akauliza, "Sasa dada, si uwashe twende?" Tulikuwa tumeshatoka getini.

Sisi ni watu wa Mwanza. Baba yuko huko na duka la nguo. Mama yuko Guangzhou, ananunua na kutuma, na mimi niko naye kwa sababu wakati anahamia nilikuwa mdogo wa kubebwa kama mzigo. Nasoma shule ya Kichina. Ninaongea Kichina bila shida, ndiyo maana kila panapokuwa na fundi bomba, mwenye nyumba au daktari wa meno, mkalimani ni mimi. Mama anajua Kichina cha soko: anajua kukataa bei, kuita watu laoban, yaani bosi, na kusema meiyou pale anapotaka kudai hana hela. Zaidi ya hapo ananiita.

Tulikaa kwenye uchochoro nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, na wakati huo misako ilikuwa imepamba moto. Askari walisimama kwenye milango ya majengo ya biashara na mdomoni mwa chochoro, wakiuliza neno moja tu: huzhao. Pasipoti. Nawajua watoto wa chekechea wa Kiafrika waliojua neno huzhao kabla ya kujua neno la maziwa.

Pasipoti ya mama ilikuwa kwenye ofisi ya viza, inaongezewa muda. Alikuwa na risiti, na risiti ni halali kabisa. Tatizo ni kwamba yuko askari anayeisoma na kukurudishia, na yuko anayeitazama kama tiketi ya basi ya juzi. Ukimpata huyo wa pili unakwenda kukaa kwenye benchi la kituo mpaka mkubwa wake arudi kula. Mama alishawahi kukaa kwenye benchi hilo, na alirudi akiwa amekasirika kiasi kwamba alipika bila kuonja.

Na unajua alikamatwa akifanya nini? Alikuwa anapoza gari. Jua la Guangzhou hata mwezi wa kumi halijui kwamba kiangazi kimekwisha. Gari likishinda uchochoroni, ndani linakuwa kama sufuria yenye kifuniko. Mama alikuwa anafungua milango yote, anawasha kiyoyozi, halafu anasimama nje akijipepea na daftari langu la jiografia mpaka hewa ikae sawa. Hapo ndipo askari walipomkuta, mama mnene wa Kiafrika amesimama kando ya gari lililo wazi, anajipepea, hana haraka. Hata mimi ningemsimamisha.

Ndipo nikapata wazo. Kama gari lingewaka lenyewe, mama akiwa bado juu anavaa viatu, angeshuka na kuingia moja kwa moja kwenye ubaridi, akaondoka. Askari wangebaki wanauliza upepo pasipoti.

Nilikwenda kwenye soko la vifaa vya umeme baada ya shule kutafuta kifaa cha kuwashia gari kwa rimoti. Muuzaji alikuwa anakula tambi huku anaangalia tamthilia kwenye simu.

"Laoban, hii inawasha gari lolote?"

"Lolote."

"Hata la kitufe?"

"La kitufe, la ufunguo, la dizeli."

"Haibridi?"

Hapo aliacha kutafuna kidogo. "Keyi," akasema. Inafaa. Halafu akaongeza, "Keyi, keyi, keyi," na mtu yeyote anayenunua vitu China anajua kwamba neno hilo likirudiwa hivyo maana yake ni kwamba muuzaji hajui.

Nilikinunua hivyo hivyo, nikakifunga Jumapili. Mama alikwenda ibadani, ambayo kwetu inafanyika kwenye ukumbi wa hoteli na ni ndefu, hasa wakiwepo wageni wa kutambulishwa. Mimi nikasema naumwa tumbo. Uchochoroni alikuwepo jirani yetu Mkongo, baba mmoja wa Lubumbashi anayenunua simu na kuzituma kwao. Zamani alikuwa mwalimu wa Kifaransa, na ualimu haujamtoka. Sote tunamwita tonton, yaani mjomba, naye huniita petit, yaani mdogo. Alitoa kiti chake cha plastiki, akaketi kivulini kunitazama.

"Petit, karatasi ulishasoma?"

"Nimesoma, tonton."

"Yote?"

"Yale ya muhimu."

"Muhimu ni nini?"

"Picha."

Akatikisa kichwa. "Voilà. Injinia."

Lakini sikuwa mjinga kabisa, na nataka hilo lieleweke. Nilitoa plastiki za chini ya usukani moja moja na kupanga skrubu kwenye kifuniko cha chupa. Nilitumia testa. Nilipata waya wa kitufe cha kuwashia, nikapata waya wa taa za breki, kwa sababu gari lile haliwaki mpaka liamini kwamba mtu amekanyaga breki, na kazi ya kifaa changu ilikuwa kulidanganya. Kila waya niliumenya kidogo, nikauunga na kuufunga tepu. Kulikuwa na nyaya nene za rangi ya chungwa zinazopita chini, za umeme mkubwa wa mota. Tonton alisimama kabisa kitini.

"Ile ya rangi ya chungwa usiguse, petit. Mama yako iko kanisani inaimba, weye utafika kwa Yesu mbele yake."

Sikugusa.

Kilichobaki kilikuwa ufunguo. Magari ya namna hii hayawaki kama hayasikii ufunguo wake karibu. Kwa hiyo unatakiwa kuacha ufunguo mmoja ndani, umefichwa. Karatasi ilieleza vizuri sana, kwa maandishi, bila picha: toa kibetri cha ndani ya ufunguo, unga nyaya mbili mahali pake, ili ufunguo ulale muda wote na uamke pale tu unapobonyeza rimoti. Kazi hiyo ilitaka kichomeo cha kuungia nyaya kwa risasi, na mimi sikuwa nacho. Nikafikiri, sasa ufunguo ukiwa macho muda wote kuna ubaya gani? Nikauacha na betri yake. Gundi juu. Plastiki juu.

Nikafunga milango, nikarudi hatua kadhaa, nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma.

"Haiwake," akasema tonton, kwa sauti ya mwalimu anayerudisha mtihani.

Nilifungua mlango nitukane, na ubaridi ukanipiga usoni. Lilikuwa linawaka. Lilikuwa linawaka na kuzimika na kuwaka muda wote ule, na sisi tumesimama tunasubiri mlio kama wale akina mama wa kanisani. Tonton aliingiza kichwa, akaweka mkono mbele ya tundu la hewa, akautazama mkono wake. "Eh, kumbe," akasema, na huo ndio mtihani pekee ambao amewahi kunipa alama zote.

Likabaki jambo moja dogo. Kila nikitaka kufunga milango kwa kitufe, gari lilikataa na kulia piii, kwa sababu lilijua kuna ufunguo umesahaulika ndani. Lilikuwa linanionya, nalishukuru. Nilitafuta king'ora chake kidogo, nikakata waya. Halafu mama aliporudi nikamwambia kwamba mfumo mpya unataka milango ifungwe kwa ule ufunguo mdogo wa chuma unaochomolewa ndani ya ufunguo wenyewe, kwa usalama zaidi. Aliniamini. Mtoto anasoma, atadanganyaje?

Siku zilizofuata nilikuwa mfalme. Mama anavaa viatu, mimi nabonyeza rimoti ngazini, anashuka, anaingia, anaondoka. Siku moja askari alikuwa anakuja kabisa kuelekea kwetu na mama akampita akiwa amepandisha vioo. Aliniletea kuku wa kukaanga. Aliwaambia wenzake wa kanisani kwamba Mungu amempa fundi ndani ya nyumba.

Ni kweli kwamba aligundua ufunguo wa akiba haupo. Alitafuta kwenye kabati, kwenye mikoba, chini ya godoro. Akaamua kwamba aliuangusha Jumapili kule hotelini. Aliuweka kwenye maombi ya kikundi chao, na kwa kuwa walikutana sebuleni kwetu, na mimi nilifumba macho pamoja nao. Sikujua nifanye nini kingine na macho yangu.

Sasa ikafika siku ya kontena. Mama hanunui mzigo wa kujaza kontena peke yake. Wanachangia wafanyabiashara kadhaa wa Tanzania bara, na lori likifika Xintang kila mmoja anapakia sehemu yake. Zilikuwa jinzi za Krismasi. Kontena hilo lilikuwa la mwisho linaloweza kufika Mwanza kabla ya sikukuu, na baba alikuwa ameshaondoa mashati kwenye nusu ya duka ili kuzipisha. Mama ana taratibu yake: hakubali robota liingie bila lebo yake aliyoiandika kwa mkono wake, na anakalia robota la mwisho mpaka lipakiwe. Kuna wakati alimwamini mtu, na baba akapokea suruali za watoto kwenye marobota yaliyoandikwa za wanaume. Tangu hapo lebo anakaa nazo yeye. Siku hiyo zilikuwa kwenye buti la gari. Na wapakiaji walikuwa wamemwambia mapema: saa sita lori linaondoka, awepo asiwepo.

Nilibonyeza rimoti ngazini kama kawaida. Kimya, kama kawaida.

Mama akaingia garini, akatoka. "Mbona moto?"

Nikakaa mimi, nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe. Hakuna kataa ka kijani. Hakuna kataa ka rangi yoyote. Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinaendelea siku zote hizo. Ufunguo ulikuwa macho ndani ya dashibodi. Mchana na usiku gari lilikuwa linauliza, "Nani yuko hapo?" na ufunguo unajibu, "Mimi," na gari linauliza tena. Wamepiga soga mpaka betri ndogo ya gari ikakauka.

"Lebo," mama akasema. "Nitoe lebo, nitafute teksi."

Buti la gari lile linafunguka kwa umeme. Umeme haupo, buti halifunguki. Hilo nilikuwa silijui, nililijua papo hapo nikiwa nimelishika.

Tonton alitokea na mswaki mdomoni, akaangalia, akasema ana nyaya za kubustia betri kwenye kibasi chake, kiko nyuma ya jengo, anakileta. Mimi nikaingia kiti cha nyuma, nikalaza migongo ya viti, nikajipenyeza kuelekea kwenye buti, kichwa mbele. Mama alikuwa amefungua boneti bila sababu, kwa kuwa watu gari likigoma hufungua boneti. Plastiki za chini ya usukani nilikuwa nimezing'oa kwa haraka na nyaya zangu zilikuwa zinaning'inia kama utumbo wa mbuzi. Miguu yangu ilikuwa nje ya mlango. Na ndivyo askari alivyotukuta.

Nilisikia neno huzhao nikiwa nimekumbatia boksi la lebo.

Nilipotoka kinyumenyume, mama alikuwa ameshampa risiti. Askari alikuwa kijana, amevaa kofia kubwa kuliko kichwa. Aliitazama risiti upande wa mbele na upande wa nyuma, ambako hakuna kitu.

"Pasipoti yenyewe iko wapi?" akaniuliza mimi, kwa kuwa nimeonekana nasikia Kichina.

"Ninyi ndio mnayo," nikasema. Nilidhani atacheka.

Hakucheka. Alikuwa anatazama nyaya. "Gari la nani?"

"La mama."

"Nani amekata nyaya hizi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ili liwake."

"Na limewaka?"

"Leo, hapana."

Kwenye kona nilikiona kibasi cha tonton kikichungulia. Karatasi za tonton wakati huo zilikuwa na matatizo yake. Kibasi kilisimama, kikafikiri, kikarudi kinyumenyume taratibu.

Askari alichukua kadi ya gari, akaisoma, akalinganisha jina na risiti. Halafu akauliza swali la mtu mwenye akili: "Mwenye gari ana funguo mbili. Mmoja anao mkononi. Wa pili uko wapi?"

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anauliza ufunguo wa pili."

"Mwambie ulipotea. Mwambie ulipotea Jumapili kanisani, hotelini, naapa mbele za Mungu. Mwambie."

Yeye alikuwa anasema kweli yake yote, maskini, na macho yake yalikuwa kwenye saa. Askari ananitazama, mama ananitazama. Nikitafsiri alichosema, basi tuna mama asiye na pasipoti, gari lenye nyaya zilizokatwa na ufunguo uliopotea. Moja kwa moja kwenye benchi, na huko lori halitasubiri. Nikisema ukweli, askari anaweza kutuachia, lakini mama yuko pale pale, na Kichina cha kuelewa kidole kinachoelekeza dashibodi anacho.

Nikamwambia askari, "Uko humo ndani. Niliufunika kwa gundi."

"Umemwambia?" mama akauliza. "Umemwambia kanisani?"

Nilichukua bisibisi, nikabandua plastiki, nikaanza kuchokonoa gundi. Ilikuwa gundi nzuri sana. Ilichukua muda. Ufunguo ulitoka na nyuzi nyuzi za gundi kama jibini. Askari akauchukua, akabonyeza, hakikutokea kitu. Akachomoa kile chuma cha ndani, akakiingiza kwenye mlango, akazungusha. Mlango ukafungika. Akazungusha tena. Ukafunguka.

Mama alikuwa anautazama ufunguo. Hakunitazama mimi. Midomo yake ilikuwa inatembea kidogo, na nadhani alikuwa anafuta yale maombi.

Askari alituachia, lakini si haraka. Alipiga simu ofisini kusoma namba ya risiti, simu ikaunganishwa kwa mtu, mtu akaenda kuuliza mtu. Nilimwomba kwa adabu yote niliyofundishwa shuleni, nikamweleza lori, kontena, saa sita. Akasema anaelewa, na akaendelea kusubiri simu. Mwisho akarudisha risiti, kadi na ufunguo, akaniambia nisiguse tena nyaya za gari, akaondoka.

Kibasi cha tonton kilitokea kabla askari hajapinda kona. Tonton alifungua boneti lake, akaunganisha nyaya kwenye gari letu, na likawaka mara moja, kimya. Hakusema voilà wala nini. Alimwambia mama tu, "Pole, maman. Muende polepole."

Mama hakuenda polepole. Njia nzima kwenda Xintang aliyapita malori kwa honi. Nilishika boksi la lebo mapajani. Kiyoyozi kilifanya kazi vizuri sana.

Tulipofika, uwanja wa karakana ulikuwa mtupu. Pale lori linaposimama palikuwa na alama za matairi na kamba zilizokatwa. Marobota ya mama yalikuwa yamepangwa ukutani, yote, bila lebo, yamefunikwa nailoni ya bluu. Laoban wa karakana alitoka akifuta mikono, akasema walingoja kidogo, wafanyabiashara wenzake mama walimpigia simu haikupokelewa, dereva akakataa. Ni kweli, simu ilikuwa inalia kwenye mkoba wakati ninachokonoa gundi. Kontena linalofuata? Akahesabu kwa vidole. Litafika mwezi wa kwanza, akasema. Labda wa pili.

Nilimtafsiria mama. Nilitafsiri kila neno, sikupunguza.

Mama akaenda mpaka kwenye marobota, akafunua nailoni, akakalia la mwisho kama anavyokalia siku zote. Akaomba maji, akaletewa, akanywa. Akatoa simu kwenye mkoba, akanipa. Nilidhani anataka nimshikie.

"Mpigie baba yako," akasema. "Hapa hapa, mbele yangu. Na usianze na askari. Anza na ufunguo."